Watu Wako Wasio na Nyuso

Mdogo wangu mpendwa,

Manowari yako imekwisha. Nimeimaliza mimi, dada yako uliyezoea kumwambia mikono yake inafaa kusonga ugali tu. Iko bandani kwako hapa Kibiti, juu ya meza ile ile, imelalia ubavu katikati ya mikoko, na moshi wa sufi unatoka kwenye dohani zake zote. Ukiitazama kwa muda unasahau kwamba ni plaiwudi.

Nakumbuka siku uliyorudi kutoka shuleni na furaha ya mtoto. Mwalimu mkuu alikuwa amekuomba uwatengenezee wanafunzi mfano wa vita ile ya delta, pale Wajerumani walipoificha meli yao ndani ya mto na Waingereza wakaja kuipiga mizinga. Kazi yako ilikuwa kuchora mabango ya maduka, hata kigoda hukuwahi kuunda, lakini ulikubali hapo hapo. Kisha ukaanza kuniibia vitu. Ufagio wangu wa chelewa ukageuka mikoko. Kalamu za wanangu zikatolewa mirija ikawa mizinga. Mto wangu wa kulalia uliupasua ukapata moshi, na maji yanayoruka pale kombora linapoanguka, nami nikalalia mkono huku nikikutukana. "Dada, vita haina adabu," ukaniambia, ukacheka.

Waliokuchelewesha ni watu wa kuweka mle mezani. Hukutaka mabaharia peke yao. Ulitaka wazee wetu wawemo, wale waliokamatwa vijijini wakate mikoko ya kuifunika meli, na baadaye wakokote mizinga yake nchi kavu. Bibi alitusimulia habari zao kila tulipokwenda kwake Mbwera: walichukuliwa, hawakurudi, na hakuna anayejua walikozikwa. Ukawafinyanga kwa udongo wa delta, kila mmoja hazidi korosho. Mama alipowaona akashika kichwa. "Anayechonga uso ataambiwa kesho akhera aupulizie roho," akasema. "Wewe roho utaitoa wapi?" Hukubishana naye. Ukawaacha wote bila nyuso, vichwa laini kama mayai. Kwangu mimi hapo ndipo walipozidi kutisha. Nilikuwa nikiingia bandani nahisi wamenigeukia, ingawa hawakuwa na cha kunitazamia.

Uliondoka asubuhi moja kufuata udongo zaidi na kuiangalia kona ya mto ilikozama meli. Mtumbwi wako ulionekana kesho yake, umefungwa kwenye mkoko kwa fundo lako mwenyewe. Kandambili zako zilikuwa zimepangwa ndani, na ndoo ya udongo imejaa. Waliokutafuta waliniambia jambo ambalo sikumwambia mama. Nyayo zako zilikuwa kwenye tope zikiingia mikokoni, na hakuna zilizotoka. Maji yalikuwa yamejaa na kupwa usiku ule, zilipaswa kufutika, lakini zilikuwa pale, mbichi.

Shehe alisema familia ikiridhika na dalili zile, unaweza kuswaliwa swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Mama akakataa katakata. "Sijaona maiti, sijaona kaburi. Mnamswalia mwanangu mzima?" Kila magharibi akawa anasimama mlangoni anakuita, "Shabani!", kisha anasubiri, sikio kaliweka barabarani. Sahani yako ilipakuliwa, na yeye hakugusa yake mpaka uje mle pamoja. Mkeo Zainabu akabaki hapo katikati, si mke si mjane, hawezi kukaa eda wala kurudi kwao Mohoro. Akilia, mama anamkemea kwamba anakuchuria kifo. Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Niliona wazi kwamba nitawazika wawili kwa ajili ya mmoja asiye na kaburi.

Ndiyo maana nikaichukua kazi yako, nipate pa kuweka mikono. Kwa udongo wa ile ndoo nikamfinyanga mtu wa mwisho, wa kukaa kwenye kile kimtumbwi cha mezani ulichokiacha kitupu. Sikumwekea uso, naapa. Kesho yake alipokauka, kichwa kilikuwa kimepasuka: vishimo viwili, mstari chini yake, na ufa mmoja juu ya jicho la kushoto, pale pale ulipochanika ulipoanguka kutoka juu ya mkorosho. Nikalowesha kidole nikamlainisha. Alipokauka, ufa ukarudi mahali pake. Nikamlainisha tena. Safari hii ule mstari wa chini ulikuwa umefunguka kidogo, kama wa mtu anayetaka kusema.

Nikawa namfunika kwa kitambaa. Mchana mmoja mama akaniletea chai, akakifunua kabla sijamzuia. Nilidhani atapiga kelele au atafurahi, na hiyo furaha ndiyo niliyoiogopa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinama mpaka pumzi yake ikamgusa yule mtu.

"Shabani," akaita taratibu.

Tukasubiri. Nakwambia kweli, na mimi nilisikiliza. Zile chelewa za mikoko zilitikisika, na bandani hamkuwa na upepo.

Mama akawageukia wale wengine waliojipanga ukingoni mwa mto. "Hawa waliswaliwa?"

"Nani awaswalie, mama? Hakuna aliyejua walipo."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo."

Chai ikapoa mkononi mwake. Halafu akasema, "Basi mwanangu hakai na hawa wasioswaliwa." Akatoka uani akamwita mkeo. "Zainabu, njoo mwanangu nikuogeshe, ukae eda yako." Zainabu akaanguka miguuni pake, na kilio cha nyumba yetu kikaanzia hapo. Majirani wakaja na mikeka yao bila kuitwa.

Ijumaa iliyopita umeswaliwa. Wanaume walijaa msikitini hadi barazani. Mama anakula sasa, anapakua sahani za waliopo tu, na magharibi mlango wake unafungwa kama milango ya watu wengine. Zainabu analala usingizi. Mimi nimekulilia mpaka macho yanauma, na sioni haya kulisema hilo mbele ya kila atakayesoma barua hii. Nilikupenda kuliko nilivyokutukana.

Lakini jana, adhana ya magharibi ilipokwisha, nilisikia mtu akipiga hodi mlangoni kwa mama. Mara moja tu, kwa sauti ya mtu mwenye maji kinywani. Nilitoka mbio, sikumkuta mtu. Kizingiti kilikuwa kimelowa. Ndani, mama alikuwa amekaa kitandani, mikono miwili imeziba masikio, anatikisa kichwa.

Tumeshakuswalia, mdogo wangu. Mama amekuaga mara moja, na mara ya pili hataiweza. Kama ni wewe, nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya, usipige hodi pale tena. Pita nyuma, uje kwangu. Mimi sijafunga.

Dada yako