Tarumbeta ya Elia Redioni

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimeanika betri tena juu ya bati. Dukani hakuna, na mwenye duka ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezificha. Baba kakohoa tangu alfajiri. Uji kaugusa tu. Kazini nimechelewa, karani mkuu kanisema mbele za watu.

Barua ya kaka Elia imefika kutoka London. Jumamosi jioni bendi yake itasikika redioni, kwenye matangazo ya Waingereza. Muziki wa jazi. Yeye ndiye mpiga tarumbeta. Sijui nitamwambiaje Baba.

Jumanne, 5 Machi
Sijamwambia. Naogopa. Tangu Elia aache chuo akaenda kupiga kwenye vilabu vya pombe, Baba hajatamka jina lake. Na ndiye aliyemfundisha, kanisani kule Bukoba. Tarumbeta ya kumsifu Mungu na kuzikia watu, basi. Wanaume wawili wenye vichwa vigumu, na mimi katikati. Nimechoka nao wote.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia. Nilikuwa namgeuza kitandani, likanitoka tu. Akageukia ukutani. Nikajua nimeharibu.

Jioni namwosha miguu, akauliza, "Hiyo redio yako ina betri?"

Nilikwenda jikoni nikalia. Daktari amekwisha kuniambia Baba hafiki Pasaka.

Ijumaa, 8 Machi
Betri zimekufa kabisa. Nimemwendea balozi wetu wa nyumba kumi. Anazo, lakini lazima naye aje asikilize. Eti muziki wa mabeberu haupigwi kwenye nyumba zake bila yeye kujua unasema nini. Umbea tu, mzee mzima. Aje.

Jumamosi, 9 Machi
Balozi alikuja na mkewe, wamevaa kama wanakwenda dansini. Walitegemea jazi tunayoijua sisi: magitaa, mtu anaimba, watu wanainuka. Ilipoanza wakatazamana. Ngoma zinakwenda kwao, kinanda kinakwenda kwake. Balozi akauliza, "Sasa huyu ataimba lini?" Mkewe akasema labda redio imeshika stesheni mbili. Nilitaka kuwatoa nje.

"Nyamazeni," Baba akasema. Wakanyamaza.

Mtangazaji akalitaja jina la Elia. Kalivunjavunja, lakini ni lake. Baba akanishika mkono. Kisha tarumbeta ikaanza, peke yake, polepole. Ya huzuni kabisa.

Hapo hapo nje mtu akapiga yowe. Mama Nyamizi, jirani yetu, alikuwa anapita na ndoo ya maji. Mwaka jana Mama alipofariki, vijana wa tarumbeta wa kanisani walikuja moja kwa moja wakapiga uani kwetu. Hapa mtaani Pasiansi tarumbeta ya polepole nyumbani kwetu ina maana moja. Akaitupa ndoo akaanza kulia. Wakaja wengine, kanga kiunoni, wakajitupa mlangoni. "Mzee wetu! Mzee wetu katuacha!"

Nikatoka nikipiga kelele kwamba yu hai. Hawakunisikia. Balozi naye akaja kuwanyamazisha kwa sauti ya mkutano wa hadhara, akazidisha. Walipotulia, redio ilikuwa inasoma habari.

Mkono wa Baba ulikuwa bado juu ya blanketi, pale nilipouacha.

"Alipiga vizuri?" Baba akauliza. "Mayowe yalimfunika."

Nikasema vizuri sana. Sikusikia kitu, nilikuwa nje.

"Watarudia?"

Nikasema watarudia. Hawarudii.

Jumapili, 10 Machi
Mama Nyamizi kaleta sato wawili, hataki hata kuinua macho. Baba akamwambia asijali, angalau sasa anawajua watakaomlilia. Wakacheka wote wawili, mpaka kikohozi kikamkaba Baba. Mimi sikucheka. Nina hasira na kila mtu, na hakuna aliyenikosea.

Alhamisi, 14 Machi
Kauliza tena kama leo watarudia. Nimesema labda kesho.

Jumatano, 20 Machi
Baba amefariki asubuhi.

Vijana wa kanisani walikuja wakapiga uani. Hakuna jirani aliyetokea. Nilisimama peke yangu na wapiga tarumbeta, najiuliza tumewakosea nini watu hawa. Mwishowe nikaenda mwenyewe mpaka kwa Mama Nyamizi. Yeye na kina mama wenzake walikuwa wamekaa wanachambua dagaa. Walidhani ni redio.

Ijumaa, 22 Machi
Tumezika. Watu wengi. Balozi amesimamia chakula, hakukaa hata kidogo. Nimemsamehe.

Jumapili, 31 Machi
Nyumba kimya. Nimefua mablanketi.

Jana ilifika simu ya maandishi kutoka kwa Elia, kujibu yangu ya msiba. Pole, halafu swali moja: Baba alisikia?

Leo baada ya ibada nimemwandikia. Kwamba Baba ndiye aliyeulizia betri. Kwamba jina lake lilipotajwa, Baba alinishika mkono. Kwamba alipoanza kupiga, kina mama wa Pasiansi walilia, na Baba aliuliza kama watarudia.

Yote ni kweli. Nimefunga bahasha.