Mzinga wa Baba Gazetini

Kampala,
Jumapili mchana.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Njeru. Mwili wangu ni mzima, ila moyo hauko sawa, na sababu utaisikia. Je, goti lako linaendeleaje? Na huko kwenye kijiji kipya mlikohamishiwa, nyumba bado zimebanana hata jirani akikohoa mnaamka? Na wewe Mzee Salimu, unayemsomea Mama barua hii hapo buchani kwako Karurumo, salamu pia. Nakuomba leo usiruke mstari hata mmoja.

Bado nakanda unga kwenye tanuri la mikate. Kazi hainichoshi kama macho ya watu. Tangu hali ya hatari itangazwe kwetu, nikisema natoka Embu hunitazama mikono, kana kwamba nimeficha panga. Ndizi zao nimezila mpaka nimesahau ladha ya mbaazi. Kuja nyumbani bila pasi ya kusafiria siwezi, na pasi hawanipi.

Kinachonipa nguvu ni gazeti la Kiswahili linaloletwa na treni. Kuna mtu huandika humo kila wiki, anajiita Mchunga Mbuzi. Jina lake la kweli silijui, lakini huyo ni wa kwetu. Anajua mbuzi wa bondeni wanavyosimama kwa miguu miwili kufikia majani ya mgunga. Anajua wazee wanavyogombana kwa sababu ya pombe ya muratina, kisha wanapatanishwa na muratina hiyo hiyo. Nikimsoma ni kama jirani anapiga soga huku akikoroga uji. Humsomea Mutwiri, mtu wa Kanyakine ninayeishi naye chumba kimoja. Hucheka hadi machozi.

Sasa wiki hii Mchunga Mbuzi ameandika kwamba alipita kwenye miteremko chini ya Karurumo, kule mlikoishi kabla ya kuhamishwa. Hakuna nyumba, hakuna jogoo. Akaona mzinga juu ya mgunga, umechomwa alama ya mistari mitatu na duara, asali imejaa hadi inadondoka. Mtu aliyekuwa akimwongoza alimwambia umekaa misimu miwili bila kurinwa. Akamaliza hivi: "Njaa nilikuwa nayo, lakini alama ya mtu haiguswi."

Mutwiri akasema mwenye mzinga huo ni mvivu. Mimi sikucheka. Mama, ile ni alama ya Baba. Mimi ndiye niliyemshikia mzinga alipouchoma kwa chuma cha moto. Na Baba hajawahi kuacha msimu upite. Hata mwaka ule alipovunjika mbavu, alibebwa hadi chini ya mti awaelekeze wajomba.

Lakini kila barua yenu inasema Baba ni mzima, ananisalimu, ameenda kwenye mizinga yake. Mzee Salimu, huo ni mwandiko wako. Najua mlinionea huruma, mkahofu nitatoroka bila pasi nikamatwe njiani. Ila mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi kilio kimenifikia nikiwa na unga mikononi, tena kwa mdomo wa yule yule aliyekuwa akinifariji. Nimewakasirikia. Lakini hofu niliyo nayo inashinda hasira.

Sitaki maelezo marefu, maana barua hufunguliwa njiani na serikali. Nijibuni jambo moja. Mnajua desturi yetu: mzinga wa mtu aliye hai haurinwi na mwingine bila ruhusa yake, hata kama ni mwanawe. Akifa, alama inakuwa ya mwana wa kwanza, ambaye ni mimi. Basi nauliza, mzinga ule atarina nani? Mkisema nimngoje Baba, nitajua yuko mahali, hata kama ni kizuizini, na nitangoja. Mkisema ni mimi, nitaelewa, na nitamwomba Mutwiri anishikie zamu yangu ya tanuri nipate kulia.

Nisalimie dada yangu Marigu na wanawe. Msalimie shangazi muuza tumbaku, mwambie kicheko chake nakikosa. Hata shemeji homugadi, mgambo wa serikali, msalimie, maana njaa ndiyo iliyompa ile bunduki.

Lakini salamu za Baba, Mama, msiniandikie tena mpaka yeye mwenyewe awe amezitamka.

Ni mimi mwanao,
Njeru