Termosi Iliyorudi Imejaa

Baba,

Nakuandikia nikiwa bandarini Kalundu, nimeketi juu ya lile sanduku la vyuma ulilotukataza kulikalia. Usininunie, viti vingine vyote vina mafuta. Meli yetu Mapendo imefungwa, abiria wanashuka na mizigo yao, na moteri bado ina joto. Tumetoka Baraka na tumefika salama. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza habari za Mama.

Mama ni mzima. Siku zile baada ya kukuzika alikuwa bado anapika bugali ya watu watatu, kisha anaitazama ile yako, anaifunika na sahani, na asubuhi mimi nampelekea mbwa wa jirani. Sasa amezoea kupika ya wawili. Kitanda chenu amekisogeza karibu na dirisha, pale ulipokataa miaka yote kwa sababu ya mbu, na anaapa kwamba mbu hawapo. Bati lililokuwa likivuja nyumbani Kilibula nimelibadilisha. Ziwa nalo limepanda tena. Ile ngazi ya mawe nilipokuwa nakaa kukusubiri nilipokuwa mdogo iko chini ya maji, na watu wanapitisha mitumbwi juu yake. Yule mama anayeuza samaki karibu na lango la bandari bado ananiuliza habari zako kana kwamba umesafiri tu. Namjibu kwamba hujambo. Sijui kama ni dhambi.

Nina hamu nawe, Baba. Nilitaka barua hii iwe ya mambo ya moteri peke yake, ungeiheshimu zaidi, lakini nimeshindwa.

Haya, tuje kwenye moteri. Kapiteni alinikabidhi kazi yako ya mekanisie, fundi wa moteri, bila hata kuniuliza, maana hakuna mwingine anayejua tabia za ile mashine. Bado naichukulia kama ulivyonifundisha, kama mama-mkwe: haipigwi, haikemewi mbele ya watu, na asubuhi inasalimiwa. Naisalimia. Matelo, mabaharia wenzangu, wananicheka, na mimi nawaacha wacheke.

Mama hakuitaka kazi hii kwangu. Alisema alikosa usingizi kwa ajili ya mume na hataukosa tena kwa ajili ya mtoto. Akanitafutia nafasi kwa binamu yake kule Sange, nikauze mchele dukani, nikae kwenye kiti kikavu, niolewe na mtu asiyenuka mazutu ya moteri. Tulibishana, tukanuniana, tukapatana, tukabishana tena. Mwisho alisema hivi: kilio kimekwisha, vitu vyako lazima vipelekwe Baraka kwa shangazi, dada yako mkubwa, avigawe kwa ndugu kama desturi ilivyo. Barabara imekatwa na maji, kwa hiyo hata yeye asiyependa meli atapanda meli. Atakaa, ataona kwa macho yake kazi ninayoifanya, na tukifika Baraka atanipa neno lake la mwisho. Nami nilikubali kulifuata, lolote litakalokuwa. Unamjua. Akisema amesema.

Basi tulipanda na mfuko wako. Ndani mlikuwa na koti lako la kaki, viatu vya kanisani, redio, na kofia ile mbaya. Kikombe chako cha bati hakikuwa mfukoni. Kilikuwa bado kwenye msumari wake katika chumba cha moteri, na shangazi alikuwa ametuma watu mara kadhaa kukiulizia. Alikitaka yeye. Ni haki yake, dada mkubwa huchagua wa kwanza. Nilimwomba Mama nikitumie safari hii moja tu, halafu nitakitoa.

Unajua mwenyewe kwa nini kila mtu anakijua kikombe kile. Moteri inapozimika katikati ya ziwa, watu huanza kuimba. Mama mmoja anaanza, wanakwaya wanapokea, na mara meli nzima inaimba nyimbo za msibani huku hakuna aliyekufa. Kisha wanasimama, wanataka kuona, wanakwenda wote upande mmoja, na meli inalala. Uliniambia moteri iliyozimika haizamishi meli, watu waliosimama ndio wanaoizamisha. Kwa hiyo ulikuwa unafunga unachofunga, unafuta mikono mpaka kwenye viwiko, unanikabidhi ufunguo, unachukua kikombe chako na kupanda ngazi. Mimi kutoka chini nilikuwa naona magoti yako tu na mkono wako ukipanda na kushuka. Nilikuwa nasikia unavyopuliza chai, fuu, fuu, kisha funda moja, kisha unawasalimu watu taratibu kama mtu aliye barazani kwake. Nyimbo zilikuwa zinapungua. Watu walikuwa wanaambizana kwamba mekanisie anakunywa chai, basi hakuna neno, wanakaa. Uliniambia tangu siku ya kwanza: "Weye Riziki, usipandake kule juu na mafuta ku mikono. Bantu banaangaliaka mikono mbele ya kuangalia uso."

Nilikuwa nakuona mtu wa ajabu. Moteri imezimika, upepo unavuma, na wewe una hamu ya chai.

Safari yetu ilianza vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha sana uwanda wa juu, mto Ruzizi ulikuwa umemwaga nyasi na chupa ziwani, na maji yalikuwa na rangi ya udongo mpaka mbali. Nilisafisha lile chujio linalopokea maji ya kupoza moteri kabla hatujaondoka. Nilifanya kila ulichonifundisha. Mama alikuwa juu, katikati, ameketi juu ya mfuko wako na kujifunika kitenge, na kila niliponyanyua kichwa nilimkuta ananitazama.

Tulikuwa tumepita Makobola niliposikia harufu. Unaijua ile, ya rangi inayoungua juu ya chuma. Nikatazama kipimo cha joto, sindano iko mahali isipotakiwa kuwa. Nyasi zilikuwa zimeliziba chujio tena. Nikazima moteri, nikafunga maji, nikalifungua chujio, nikatoa mifuko ya plastiki na nyasi na kiatu cha mtoto, Baba, kiatu kidogo chekundu. Kuliosha hakukuchukua muda. Lakini moteri iliyochemka haiwashwi papo hapo, utaipasua, ulinionyesha moja iliyopasuka ili nisisahau. Ilibidi kungoja ipoe. Na upepo ulikuwa unatusukuma kuelekea mawe ya ufukweni, na pale ziwa lina kina kikubwa mno, nanga inaning'inia tu bila kugusa chini.

Juu wakaanza kuimba. Nikajua zamu yangu imefika.

Nikafuta mikono mpaka kwenye viwiko. Nikachukua termosi ambayo Mama alikuwa ametutilia chai ya tangawizi asubuhi, kama alivyokutilia wewe kila safari. Nikakijaza kikombe chako mpaka juu, maana nilitaka kionekane. Nikapanda.

Baba, mikono yangu ilinisaliti. Nilipofika mahali pa watu na kuona nyuso zote zimenigeukia, ikaanza kutetemeka. Chai ilimwagika kwenye vidole, ikamwagika kwenye gauni, ikaniunguza, na nilivyojitahidi kukituliza kikombe ndivyo kilivyozidi kumwagika. Mwanaume mmoja aliyekuwa karibu alinitazama mkono na kusema kwa sauti: "Mekanisie yeye mwenyewe anatetemeka." Hakuwa na ubaya, alisema alichokiona. Wakasimama wote. Wakakimbilia upande wa ufuko kutazama mawe, vifurushi vya ndagala, wale dagaa wakavu, vikateleza nyuma yao, na Mapendo ikalala upande ule. Nilisikia vyombo vikianguka jikoni. Kapiteni alikuwa anapiga kelele na hakuna aliyemsikia. Nami nilisimama pale na kikombe chako, nikawaza kwamba nimemleta mama yangu kufa.

Mama ndiye aliyekuja. Alitembea polepole kwenye sakafu iliyoinama, kitenge kiunoni, akanishika kifundo cha mkono. Akachukua kikombe, akamwaga chai yote ziwani, akanirudishia kikombe mkononi. Kisha akanisogezea mdomo sikioni.

"Ile kikombe haikukuwaka na kitu ndani, mutoto wangu. Mikono ya baba yako ilikuwaka inatetemeka kupita yako."

Hakungoja nijibu. Akawageukia watu na kuwaambia, kwa ile sauti anayoitia kuku ndani, kwamba yeye ni mjane wa mekanisie wa meli hii, na mekanisie huyu ni mtoto wake wa tumbo, na kama kungekuwa na hatari yeye angekuwa wa kwanza kulia. Warudi kati, wakae chini, wamwache binti anywe chai yake. Kisha akarudi kuketi juu ya mfuko wako, taratibu, mgongo kwa ufuko. Kina mama wa ndagala walimfuata. Wanaume walifuata kina mama.

Nami nikanywa chai isiyokuwepo. Nikapuliza, fuu, fuu. Kikombe kikiwa kitupu mkono unaweza kutetemeka utakavyo na hakuna anayejua. Nikapiga funda. Nikawasalimu watu. Meli ilinyooka.

Yale mawe tuliyaona kwa karibu kuliko ninavyopenda kusema. Lakini ulipofika wakati, nikashuka, nikaisalimia mama-mkwe, nikaiwasha, ikakohoa, ikakataa, nikaiomba radhi, ikakubali. Nililia kule chini, kelele ya moteri ni nzuri kwa kulia. Nililia kwa ajili yako. Miaka yote ile nilikuwa chini ya ngazi nikiamini kwamba nimezaliwa na baba asiyejua woga, na kwamba mimi nimerithi kasoro ya mtu mwingine. Kumbe ulikuwa unapanda na woga wako wote, na unapuliza hewa.

Niliposhuka Baraka nilimwuliza Mama alijuaje. Akacheka, Baba. Ndiyo mara ya kwanza tangu tukuzike. Alisema alikuwa anaijaza termosi kila safari, na kila safari ilirudi imejaa. Mwanzoni alidhani chai yake huipendi, akakununia wiki nzima. Ndipo ulipomwambia, chumbani, yeye peke yake. Basi akaendelea kuijaza, maana termosi tupu ingewafanya matelo waulize. Na jioni ulizorudi alikuwa anaketi barazani na kuimaliza ile chai iliyopoa, nami mtoto nilidhani mama yangu ni mtu wa ajabu anayependa chai baridi. Wazazi gani ninyi.

Kwa shangazi tulipokewa vizuri. Walikulia upya kidogo, kisha wakala. Vitu vilipotandazwa juu ya mkeka, koti akapewa mdogo wako, viatu mpwa wako, redio ikaleta ugomvi kama ulivyotabiri. Kofia ile hakuna aliyeitaka. Shangazi akauliza kikombe kiko wapi. Nikakitoa kwenye mfuko wa gauni na kukiweka juu ya mkeka, maana nilikuwa nimeahidi, na nikajua kwamba baada ya hapo Mama atasema neno lake na mimi nitakwenda Sange kupima mchele.

Mama akanyoosha mkono akakiokota. Akamwambia shangazi, kwa heshima zote, kwamba achague kingine chochote, hata kitenge alichovaa yeye. "Hii haigawiwe. Iko ya kazi, na mwenye kazi njo huyu." Akanipa mimi, mwenye kazi, mbele ya ndugu zako wote. Shangazi alinitazama sana. Nadhani alitaka kubisha, halafu akaona vidole vyangu vilivyoungua. Akachukua kofia.

Ndiyo, Baba. Kofia ile mbaya sasa inavaliwa Baraka.

Hilo ndilo lililonikalisha kukuandikia. Kikombe nimekirudisha kwenye msumari wake. Termosi iko hapa miguuni pangu, imejaa, haijaguswa, na Mama ameshatangulia nyumbani kuwasha jiko. Najua atakuwa ametoa viti viwili barazani. Woga wangu bado ninao. Nilidhani woga huo siku moja utaondoka, sasa naona mimi nao tutazeeka pamoja, na sioni haya.

Pumzika, Baba yangu. Mashine nitaisalimia kila asubuhi kwa niaba yako. Chujio nitalisafisha kila Ruzizi inapochafuka, hata mara mbili kwa safari moja. Na wewe uliyeko huko nakuahidi neno moja ambalo Mama sijamwambia kwa mdomo, kwa sababu ataliona mwenyewe kila jioni: chai atakayonitilia itamrudia. Nitaibeba mwenyewe mpaka mlangoni, ipoe njiani, tuimalize pamoja.

Binti yako,
Riziki