Mwombe Bibi Yako Flashi

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura.

Huku Korogwe tu wazima, na mahindi ya Makuyuni yamebeba vizuri.

Unauliza kama flashi yangu ya zamani itafaa kwa kamera yako ya dijitali. Itafaa, ila usiipachike juu ya kamera, umeme wa flashi utaiunguza. Ifungie kijicho cha umeme kinachohisi mwanga, uiweke pembeni. Kamera ikimulika, nayo itamulika.

Umeme huo naujua. Miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu vya nje, nikipiga picha harusini Handeni, niligusa pini ya flashi ikanirusha mkono. Msichana mmoja akacheka kuliko wote.

“Haya dada, ishike wewe!”

Akaishika kwa kanga, akaisogeza pembeni, na nyuso zikapendeza ajabu. Hajanirudishia mpaka leo. Mwombe bibi yako.

Babu yako