Daftari la Kondoo wa Maabara

Jumatatu, 6 Machi 1995

Nimemtoa Waziri damu asubuhi. Waziri ni kondoo wetu wa maabara. Nikaitikisa chupa yenye shanga za kioo dakika kumi ili damu isigande, nikaichanganya na agari, uji unaoganda wa kuoteshea bakteria, nikamimina sahani ishirini. Mkono unauma. Miaka kumi na minne nafanya hivi na sahani zangu hazijawahi kumwangusha mtu.

Winfrida kaja na michembe, viazi vitamu vya kukausha, kutoka kwao Sengerema. Kila akivuka ziwa kwenda kwao lazima alete. Shikamoo dada, kapiga goti kidogo, kaniwekea mezani. Nimekula yote. Kwa hasira.

Mimi ndiye niliyemfundisha kushika waya wa kupandia vijidudu. Alikuja hapa hajui hata kuwasha taa ya spiriti. Sasa ana vichupa vyake ishirini na vinne kwenye friji, bakteria kutoka vidonda vya wagonjwa wa huku na wa ng'ambo, na kila mgeni anayeingia anaonyeshwa vichupa. Hakuna anayeonyeshwa sahani.

Nina wivu. Bora niuandike hapa kuliko unitoke mdomoni.

Jumatano, 8 Machi

Waziri anakohoa tangu jana. Zamani ningejaza fomu nikamsubiri bwana mifugo wiki nzima. Siku hizi unashuka tu Mkuyuni, maduka ya dawa kila kona, na muuzaji haulizi hata ni mnyama gani. Nikarudi na tetrasaiklini ya mifugo na risiti yake. Nimemchoma shingoni, kushoto.

Sheria niliiandika mwenyewe kwenye jalada la daftari la Waziri: akichomwa sindano iandikwe siku hiyohiyo, na asitolewe damu wiki mbili. Dawa ikiwa kwenye damu itaingia kwenye sahani na kuzuia bakteria kuota. Daktari, mkuu wetu, hulikagua daftari hilo kila mwisho wa mwezi na kuweka sahihi.

Nilikuwa nimeshalifungua. Kalamu mkononi. Daktari akatuita wote. Barua imekuja: nafasi moja, miezi tisa Ulaya, masomo ya bakteria wanaoshinda dawa. Anayekwenda abebe koo ishirini za bakteria, kila ukoo na kichupa chake, zote ziwe hai. Daktari akasema ni Winfrida. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Kisha nikachukua mkoba wangu nikaenda nyumbani.

Ijumaa, 10 Machi

Asubuhi Winfrida katufundisha. Yaani yeye atufundishe sisi. Kwa macho bakteria wake wote ni wamoja, vidoa vya rangi ya dhahabu kwenye sahani. Ndani wanatofautiana jeni, kila ukoo na zake. Baadhi ya koo, anasema, zina pampu kwenye ngozi ya seli. Tetrasaiklini ikiingia inasukumwa nje kabla haijafanya kazi. Kama mvuvi ambaye mtumbwi wake unavuja, lakini anayamwaga maji upesi kuliko yanavyoingia. Na jeni ya pampu wanaweza hata kupeana. Daktari alitikisa kichwa kwa raha mpaka miwani ikashuka.

Kaeleza vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Angeeleza vibaya ningempenda leo.

Mchana akaniomba sahani mpya, apandikize koo zote ishirini na nne kabla ya safari. Akasema zangu ndizo anazoziamini. Nikaenda bandani, nikamtoa Waziri damu. Kichwani nilikuwa na Ulaya tu, na yeye ndani ya koti jipya.

Jumatatu, 13 Machi

Koo kumi na tano hazikuota.

Winfrida alizipanga sahani mezani, akazihesabu, akazihesabu tena. Tisa nzima. Nyingine tupu, au na vidoa kama vumbi. Hakulia mbele yetu. Alikwenda chooni akakaa huko muda mrefu.

Daktari anasema ni mgao wa umeme na friji. Anasema pia Winfrida ndiye aliyefunga wiki iliyopita, huenda mlango haukubana. Miaka miwili ya kazi, mlango wa friji. Kwenye korido akanishika bega. "Modesta, hebu andaa vyeti vyako. Nafasi hii isitupotee."

Nimefurahi. Naandika kama ilivyo. Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu na sikuhisi mlima.

Jumanne, 14 Machi

Leo nilikuwa napanga vyeti kwenye bahasha, nikajikuta nasoma orodha ya zile tisa zilizoota. Winfrida alikwisha kuzipima zote zamani. Tisa zote ni zile zinazoshinda tetrasaiklini.

Mkono ukasimama. Waziri. Sindano.

Sahani zangu zilikuwa na dawa. Nimezitengeneza kwa mkono wangu, na daftari halina neno.

Bahasha nimeimalizia, nikaitia mkobani.

Alhamisi, 16 Machi

Winfrida kaniomba sahani nyingine ajaribu tena. Nikamwambia Waziri apumzike, ametolewa damu nyingi. Alikubali. Ananiamini huyu mtoto, na mimi namwangalia anavyokonda.

Jibu la barua linaondoka Jumatatu. Nimempa Daktari vyeti.

Nimempa.

Ijumaa, 17 Machi

Nimemkuta ameshafika. Hakuleta chochote, hakukaa. Akaweka ile orodha mbele yangu.

"Dada, hizi tisa zote zina pampu."

Nikasema ndiyo, naona.

"Basi zile kumi na tano hazikufia kwenye friji. Zimeshindwa kwenye sahani."

Nikajifanya natafuta kalamu. Yeye akatoka. Dirishani nikamwona bandani amepiga magoti kwenye tope la mvua, anampapasa Waziri shingo, kulia, halafu kushoto. Kushoto pana uvimbe mdogo, sindano ile huacha uvimbe. Akarudi, akafungua kabati la dawa, akafunga. Akanawa mikono taratibu kama nilivyomfundisha, mpaka viwiko.

"Waziri anaendelea vizuri," akasema. "Hakohoi tena."

Basi. Hakuniuliza. Angeniuliza ningekana, na nadhani alijua hivyo. Mchana akamimina sahani zake mwenyewe, za agari tupu, zisizo na damu, akarudi kwenye vichupa akapandikiza upya.

Jumamosi, 18 Machi

Zimeota. Zote ishirini na nne, zile kumi na tano ndizo nono kuliko zote.

Daktari alicheka kama mtu aliyepona malaria. Akauliza mara ya kwanza ilikuwa nini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na sinki. Winfrida akatazama sakafu, akasema sahani za Ijumaa ile hazikukaa sawa, mzee. Basi. Daktari alikuwa na haraka ya barua, hakufuatilia.

Saa saba nikakuta bahasha ya vyeti imerudishwa mezani kwangu.

Nilidhani wivu wangu ni wa Ulaya tu. Sasa namwonea wivu hata kwa hili, kwamba alikuwa na la kusema akalimeza. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 22 Machi

Nimefungua daftari la Waziri, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nimekuta mwandiko wa Winfrida.

"8/3. Kikohozi. Tetrasaiklini, shingo kushoto. Asitolewe damu hadi 22/3."

Tarehe kaitoa kwenye risiti ya Mkuyuni, ilikuwa bado imeviringishwa kwenye ile chupa ya dawa kabatini. Kajaza kila safu. Safu ya mwisho, jina la aliyechoma, kaiacha wazi.

Nikalifunga.

Ijumaa, 31 Machi

Winfrida aliondoka Jumanne kwa treni ya Dar, viza ataingojea huko. Stesheni nilikwenda, nikasimama nyuma ya ndugu zake. Aliniona, akaja, akapiga goti kidogo kama siku zote. Nilitaka kusema. Nikamwambia avae soksi, kule ni baridi.

Leo mvua ya asubuhi, halafu jua. Nimetoa damu ya Waziri, ametulia, uvimbe umekwisha. Nimetikisa dakika kumi. Kwenye droo nimekuta mfuko wa michembe, sijui aliuweka lini. Nimekula kidogo, mingine nimeibakiza.

Daktari anakuja kuchukua daftari saa tisa. Atasoma tarehe nane, halafu atakumbuka sahani za tarehe kumi. Si mtu wa kukosa hesabu kama hiyo.

Saa nane na nusu nimelifungua. Nimeandika jina langu kwenye safu ya mwisho, lote, nikauacha wino ukauke.