Kangaga na Kitambaa cha Bibi

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya pili kazini, kwenye kitalu cha mimea. Bado naitwa Kimya. Aliyenipa jina hilo ni Gundi, anayebandika mimea mikavu kwenye karatasi. Naye lake kapewa na Daktari, basi ngoma droo.

Daktari ni wa mimea, si wa watu, ingawa Bibi bado ananituma nimuulizie dawa ya goti! Ana miwani mbili: moja machoni, moja kichwani, na huitafuta hiyo ya kichwani.

Leo kanionyesha kangaga lake. Alilitoa kwenye ufa wa mwamba, karibu na maporomoko. Majani yana meno kama msumeno mdogo. Anaamini ni aina mpya kabisa, haijawahi kuandikwa popote. Gundi anasema ni lile lile la kawaida linaloota kila bonde, ila limekonda kwa kukosa jua.

Ukweli uko chini ya jani. Kangaga halitoi maua, lina vidoti, na ndani ya vidoti mna unga — spora. Za lile la kawaida ni laini kama punje za mtama. Za hili hakuna aliyeziona bado. Zikiwa laini, Gundi kashinda. Daktari keshaandika maelezo yote, kabakiza mstari wa spora tu.

Shina ni moja. Jani lenye vidoti ni moja. Na vidoti bado ni vya kijani; spora hukomaa vikigeuka kahawia!

Jumatano, 5 Machi

Bado kijani. Kwenye kikao nilitaka kusema kitu, nikakohoa. Daktari akaniletea maji.

Ijumaa, 7 Machi

KAHAWIA! Nimeviona mimi wa kwanza. Nikaenda kusimama mlangoni kwa Daktari, nikasimama weee, mpaka akaniuliza kama nauza kitu. Nikamnyooshea chungu cha kangaga. Akaruka!

Jumatatu tunalikata jani. Ila kesho mafundi wanapaka rangi kitalu chote, na harufu ile si ya kuachia mmea. Gundi kwake ana mbuzi, hapo hakuna mjadala. Daktari anasafiri. Nimebaki mimi.

Nimelibeba kama mtoto mchanga. Nimeliweka chumbani mbali na dirisha. Nimemwambia Bibi asiliguse.

Jumapili, 9 Machi



Nimetoka dukani, namkuta Bibi anaimba. Akaniita nije nione. Eti ua langu lilikuwa na ugonjwa, madoa madoa kwa chini, ameyapangusa yote, sasa lazima lipone! Kweli linang'aa. Nikaligeuza jani. Peupe. Hata kidoti!

Nikamkumbusha kwamba nilimwambia asiliguse.

"Mjukuu wangu, mimi sikuligusa. Nilitumia kitambaa."

Nikakaa chini sakafuni. Nikamweleza kwa machozi: si ugonjwa, ndio uzazi wake ule, na bila ule unga Daktari hana cha kuandika. Bibi akasema, ngoja basi nimalizie kufua, tutafikiri.

Kufua?

Sijawahi kukimbia hivyo. Beseni limejaa maji, sabuni mkononi, na kitambaa ndio kinainuliwa —

"BIBI, ACHA!"

Nadhani majirani wamesikia. Bibi kaganda. Halafu, badala ya kunigombeza, akatabasamu.

"Kumbe sauti unayo."

Kitambaa kina vumbi la kahawia kwenye pindo moja. Nimekifunga kwenye karatasi safi. Kesho namwambia Daktari. Nimejaribu maneno mbele ya kioo. Kwenye kioo yanatoka vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa hapa kazini, tunasubiri.

Bibi kakataa kubaki nyumbani. Eti aliyepangusa ndiye atakayesema. Kavaa nguo yake ya harusini na viatu vinavyombana. Daktari alivyoliona jani alivua miwani zote mbili. Akauliza nani kafanya hivi. Bibi akainua mkono kama mwanafunzi.



Halafu Daktari akaanza kucheka. Akacheka mpaka akatafuta kiti. Gundi naye. Bibi akawauliza kama kawaambia kichekesho.

Tukaweka vumbi la kitambaa kwenye hadubini. Nyuzi. Nywele. Unga wa kitu gani sijui. Na katikati, punje ndogo zenye ukingo uliochongoka, kama upanga wa jogoo! Si laini hata kidogo. Nilitaka kupiga kelele, nikakohoa.

Daktari akatutuliza. Kitambaa kimefuta meza, kimefuta sufuria, huwezi kusimamisha aina mpya juu ya kitambaa cha mtu. Lazima punje hizo hizo zitoke kwenye jani lenyewe. Akalikata, akalichunguza polepole, na pale linapokunjika karibu na shina — kidoti kimoja! Kimebaki!

"Haiwezekani," Bibi kasema, kaudhika kweli. "Hapo nilipita."

Sasa kidoti kiko kwenye kipande cha kioo cha hadubini, chini ya taa, kikauke kipasuke chenyewe. Daktari machozi ya kicheko hayajamkauka, haoni vizuri. Gundi alishasema ni la kawaida, kwa hiyo haaminiki. Basi imeamuliwa: nitaangalia mimi, niseme ninachokiona, si ninachokitaka, na Gundi aandike. Na kwa sauti, Daktari kasisitiza, si kunong'ona.

"Anayo," Bibi kawaambia. "Jana nimeisikia."

Gundi keshashika daftari. Jamani, kimepasuka! Unga umetawanyika kwenye kioo: punje zikiwa na ukingo kama zile za kitambaani, Daktari kashinda; zikiwa laini, Gundi. Daktari ananivutia kiti. Safari hii sitakohoa. Naweka kalamu —