Nusu ya Sukari

Kaka Fidelis,

Jana ukoo ulikaa uani kwako Kimwani kuamua nani achukue kibanja chako, hili shamba la migomba na kahawa, na mimi mdogo wako nilikwenda na mizani. Nakuandikia kabla hasira haijaisha. Ikiisha nitaanza kukusifu, na huko sijafika.

Kwanza nikulaumu. Miaka yote waliposema unakunywa nusu ya spiriti ya zahanati, ulinyamaza. Ulianza kuitengeneza wakati wa vita, maduka ya Bukoba yakiwa matupu na manesi hawana hata cha kufutia vidonda. Ulichukua lubisi, pombe yetu ya ndizi, ukaichemsha kwenye pipa, mvuke ukapita kwenye bomba lililozama majini. Watu waliona ndizi zinaingia mikungu kwa mikungu, zinatoka chupa chache. Baba mdogo Banyenza akapiga hesabu yake ya haraka: kilichopungua kimo tumboni mwa Fidelis. Wewe, uliyekataa hata kuonja lubisi ya harusi yangu!

Mimi uliniambia. Tulikuwa tumechuchumaa karibu na moto, unapaka udongo kwenye maungio ya bomba, unanifundisha ulichosoma sekondari. Ulisema kuna hasara mbili, nisizichanganye. Moja ni ya mikono yetu: mvuke unaotoroka, spiriti inayobaki kwenye pipa, yale matone ya mwanzo yenye sumu tunayomwaga. Hiyo ukijitahidi inapungua, na mavuno yanapanda. Nyingine haina dawa. Sukari ya ndizi ikigeuka, karibu nusu inakuwa spiriti, iliyobaki inakuwa hewa, ile inayoinua povu. Hata usipopoteza tone moja, ile hewa haiwi spiriti. Mwalimu wa kemia anayenunua dukani kwangu Kibeta anaiita uchumi wa atomi: katika vyote ulivyotia, ni kiasi gani kinaweza kuwa kile unachokitaka. Wewe ulisema tu, "Theo, hapo hakuna mwizi. Ndivyo sukari inavyogawanyika."

Kwa nini hukumwambia na baba mdogo?

Kisha silimu ikaingia, huu ukimwi. Ulipokonda na kuanza kuyumba njiani, baba mdogo hakutaka kuutaja ugonjwa ambao kila nyumba hapa inaujua. Alisema ni spiriti. Siku tunaanua matanga akalirudia neno hilo mbele ya wazee: mlevi amelila shamba, mjane wa mlevi hataliweza, mwanawe Novati bado mtoto, kibanja kirudi kwake yeye. Adventina wako alikuwa ameketi kwenye mkeka, anavuta nyuzi za kanga yake moja moja.

Sikubishana. Palepale nilimimina kilo ya sukari kwenye dumu la maji, nikatia machicha ya lubisi ili ichachuke. Nikatoboa mfuniko, nikapitisha mpira wa dripu ambao nesi aliuacha chumbani kwako, ncha nyingine nikaitumbukiza kwenye chupa ya maji. Nikaziba kote kwa nta. Nikalipima dumu kwa mizani yangu ya kununulia kahawa, wazee wakaangalia, nikatia alama pale mshale uliposimama. Nikamwambia, "Baba mdogo, liweke wewe. Na ufunguo ukae nao wewe."

Akalifungia stoo kwake, na wazee wakaahirisha shauri kwa majuma matatu.

Kaka, niliogopa. Stoo ile ina baridi, na machicha yakikosa joto yanalala. Kama yangelala, dumu lingerudi na uzito uleule, na mimi kwa mizani yangu mwenyewe ningekuwa nimemtoa Adventina nyumbani kwake.

Jana vijana wawili wakalileta. Nta nzima. Tukalitundika. Mshale ukacheza, ukacheza, ukasimama chini ya alama, pungufu karibu nusu kilo. Halafu shangazi Kokwijuka akapiga makofi:

"Banyenza! Ufunguo si ulikuwa kwako? Kumbe mnywaji ni wewe!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Baba mdogo akasimama, jasho linamtoka. "Waitu, ndugu zangu, sijaligusa! Si mnaiona nta?"

"Basi na Fidelis hakugusa," nikasema.

Mzee wa ukoo akauliza hiyo nusu imekwenda wapi. Nikamwonyesha mpira. Bado ulikuwa unatoa povu dogo ndani ya chupa, moja, kimya, moja. Akainama akatazama muda mrefu. Nikageuka kukutafuta, nikuone unavyocheka. Mjinga mimi.

Wameamua kibanja ni cha Novati, Adventina akitunze hadi mtoto akue. Lakini baba mdogo hakutoka mikono mitupu. Ameomba wazee warudi baada ya mavuno ya kahawa, na wakikuta pori, shauri lifunguliwe upya. Wakakubali. Na pori lipo, kaka, usinifiche. Tangu ulale kitandani hakuna aliyepalilia upande wa mtoni, na wifi peke yake hawezi.

Duka nimemwachia mume wangu. Nimekuja na jembe, na machipukizi ya migomba nimeomba kwa shangazi. Hawatakuta pori hapa, nakuahidi. Lala, Fidelis. Adventina ameshatangulia shambani na mimi bado nimekaa hapa naandika.

Mdogo wako,
Theo